Mjomba, mwanangu ameificha jezi namba 28

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni baba wa watoto wawili, naishi Kent, kusini kidogo ya Seattle, huu ni mwaka wa 11. Nimekulia Morogoro, Simba damu. Besiboli nilikuwa siijui hata kidogo mpaka kijana wangu mkubwa, ambaye sasa ana miaka 13, alipoanza kuicheza shuleni. Nilikuwa nampeleka mazoezini, nalaza kiti cha gari, nasinzia. Siku moja akaja kugonga dirisha akaniambia, "Baba, njoo uangalie tu, utaelewa." Nikashuka. Leo nakuandikia saa 8 za usiku, nimetoka kazini, nimeoga, usingizi umekataa, na kinachonikosesha usingizi ni Mariners, timu ya besiboli ya Seattle.

Wapo wasomaji wako wasioufuatilia mchezo huu, kwa hiyo nieleze kidogo. Ligi kuu ya besiboli ya Marekani ina timu 30, na Mariners ndiyo pekee ambayo haijawahi kuingia World Series, yaani fainali yenyewe, tangu ilipoanzishwa 1977. Mwaka huu wa 2025 tuliongoza kundi letu kwa mara ya kwanza tangu 2001. Tukawatoa Detroit katika mchezo uliokwenda inningi 15, yaani kila timu ilipata zamu 15 za kupiga, wakati mchezo wa kawaida ni inningi 9. Tukabakiza ushindi mmoja tu kuingia World Series. Tarehe 20 Oktoba kule Toronto tulikuwa tunaongoza 3-1, inningi ya 7, George Springer wa Toronto akaupiga mpira nje ya uwanja wenzake wawili wakiwa kwenye besi, vile vituo vya kukimbilia, wote watatu wakahesabiwa. Ikawa 4-3, na ikaishia hapo.

Hilo nililia nikamaliza. Kinachonisumbua ni kilichofuata. Fainali ilipokwisha tu, wachezaji wetu watatu wakawa huru kusaini na klabu yoyote: Josh Naylor wa besi ya kwanza, Jorge Polanco wa besi ya pili, na Eugenio Suárez wa besi ya tatu. Wakiondoka, nusu ya nguvu yetu ya kupiga inakwenda nao. Na nimesoma kwamba kwa Naylor na Suárez klabu haitapata hata fidia, yaani nafasi ya ziada ya kuchagua chipukizi, kwa sababu ililetewa wachezaji hao katikati ya msimu na sheria hairuhusu.

Mjomba, nikueleze Suárez ni nani nyumbani kwangu. Tarehe 17 Oktoba, mchezo wa 5 dhidi ya Toronto, hapa hapa Seattle. Mimi nafanya zamu ya jioni kwenye ghala, na mapumziko yangu yakaangukia inningi ya 8. Nikakimbilia kwenye gari, nikafungua redio, nikampigia mwanangu aliyekuwa nyumbani mbele ya TV. Tulikuwa nyuma 2-1. Redio huwa inawahi, TV ya kwetu inachelewa sekunde nyingi tu. Cal Raleigh akasawazisha, nikasahau, nikapiga kelele, mtoto akanilalamikia, "Baba, umeniharibia!" Nikamwomba radhi. Polanco na Naylor wakapewa besi bure mmoja baada ya mwingine kwa sababu mrushaji alishindwa kulenga. Randy Arozarena akagongwa na mpira, naye akapewa besi, zote tatu zikajaa. Akaingia Suárez.

Nikasikia mlio wa gongo kwenye redio, kisha uwanja mzima ukalipuka. Mpira umetoka, mbio nne, yaani pointi nne, 6-2. Safari hii niliziba mdomo kwa kiganja nikasubiri. Kwenye simu nilikuwa nasikia pumzi za mwanangu tu. Nadhani ndizo sekunde ndefu kuliko zote nilizokaa ndani ya gari lile. Halafu nikasikia yowe, kiti kikianguka, na mama yake akiuliza kumetokea nini.

Jezi ya Suárez, namba 28, nilimnunulia Agosti siku yake ya kuzaliwa, na alivyoivaa imeshaanza kupauka shingoni. Aliposikia kwamba huenda Suárez akaondoka, aliikunja akaiweka kabatini chini ya mablanketi. Ukimtajia besiboli anasema ana kazi ya shule. Usiku mmoja akaniuliza, "Kwa nini walimleta kama walijua ataondoka?" Sikuwa na jibu. Halafu hii si mara ya kwanza: Novemba 2023 klabu hii hii ilimtoa Suárez ikampeleka Arizona kubana matumizi, na mwaka huu Julai ikamrudisha. Nahisi wanatuchezea.

Mimi mwenyewe sijiwezi. Kila baada ya dakika 10 nachungulia simu kama kuna aliyesaini. Juzi niko juu ya foklifti nikachungulia, nikaligonga shelfu la chuma. Hakuna aliyeumia, lakini msimamizi wangu alinitazama kwa namna ambayo sitaki anitazame tena.

Nina maswali matatu. Kwanza, je, wasiwasi wangu una msingi, au klabu inajua inachofanya? Pili, nimepewa nafasi ya kulipia kifurushi cha tikiti za michezo 20 ya mwakani, na lazima nitoe amana mapema. Mke wangu anasema pesa hiyo ni karo ya mdogo wangu aliyeko chuo cha ualimu nyumbani, na ni kweli. Nikinunua, huenda mtoto akachangamka. Nikinunua na timu ikabomolewa, nimekula hasara mara mbili. Tatu, nimwambie mwanangu asiwapende wachezaji, apende timu tu, ili asiumie?

Ni mimi,
Baba wa Namba 28, Kent

Marahaba, mpwa wangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote tatu nimesimama pale ulipoziba mdomo kwa kiganja. Nitarudi hapo. Lakini naanza na foklifti.

Simu yako kuanzia kesho ikae kwenye kabati la kazini mpaka zamu iishe. Hili silijadili na wewe. Mashine ile ina uzito wa kuua mtu, na hakuna habari ya usajili isiyoweza kusubiri saa nne na nusu usiku. Nikupe na mfano. Barua yako ilinikuta mwanzoni mwa Novemba hii ya 2025, mafua yakanilaza, nikachelewa kuijibu. Katika siku hizo hizo nilizokuwa kitandani, Naylor amesaini tena na Mariners: miaka mitano, dola milioni 92.5. Sikuchungulia chochote, habari ilinikuta nakunywa uji wangu, na ilikuwa tamu vile vile.

Kwa hiyo kati ya wale watatu mmoja amebaki, na kwa maoni yangu ndiye aliyefaa kuanza kubaki. Ana miaka 28. Ana mwili mzito na mbio zake ni za polepole, lakini tangu atue Seattle Julai aliiba besi 19, yaani alichomoka kukimbilia besi ya mbele bila kusubiri mwenzake apige, na hakukamatwa hata mara moja, kwa sababu anamsoma mrushaji. Mchezaji anayetumia akili namna hiyo hazeeki haraka.

Sasa swali la mwanao, maana ndilo zito kuliko yako yote. Kwa nini walimleta kama walijua ataondoka?

Walimleta kwa ajili ya Oktoba, mwezi wa mtoano. Mwambie hivyo hivyo, ana umri wa kuelewa. Kwenye soka letu klabu inalipa fedha kununua mkataba wa mchezaji. Huku kwa kawaida hubadilishana watu kwa watu. Mchezaji aliyebakiza miezi miwili kwenye mkataba bei yake inashuka, kwa hiyo klabu inayotaka ubingwa mwaka huo huo inamchukua kwa kutoa vijana ambao bado hawajaiva. Mariners walitoa warushaji wawili wachanga kumpata Naylor, na vijana watatu kumpata Suárez. Walijua kabisa wanamchukua kwa msimu uliobaki. Na mwanao aliupata msimu huo: ile inningi ya 8 ndiyo bidhaa waliyoinunua.

Kuna jambo jingine ambalo wewe mfanyakazi wa zamu utalielewa upesi. Zamani mchezaji wa besiboli hakuwa na ruhusa ya kuondoka. Mkataba ukiisha, klabu ilidai haki ya kumshika tena mwaka hadi mwaka, maisha yake yote ya uchezaji. Desemba 1975 msuluhishi Peter Seitz aliamua kesi ya warushaji wawili, Andy Messersmith na Dave McNally, kwamba mkataba ukiisha na mwaka wa nyongeza ukipita, mtu yuko huru. Utaratibu wa leo, wa kucheza miaka sita ligi kuu ndipo uchague unakokwenda, umetoka hapo. Suárez ana miaka 34, ametoka Venezuela, ameshahamishwa mara kadhaa bila kuulizwa. Sasa ni zamu yake kuchagua. Mimi siwezi kumwombea afungiwe mlango, na nadhani wewe pia huwezi.

Nikuambie na ukweli ambao mwanao hataufurahia, kwa hiyo mpe taratibu. Suárez alipiga nje ya uwanja mara 49 mwaka huu, lakini 36 kati ya hizo alizipiga akiwa bado Arizona. Akiwa na sisi wastani wake wa kupiga ulikuwa .189, maana yake katika kila majaribio 100 alifanikiwa kama 19. Hiyo ni kidogo sana. Ule mpigo wa Oktoba hautafutika, ila ofisi inapokaa kuamua inalipa nini kwa miaka miwili au mitatu ijayo, inaitazama ile .189, na haifanyi kosa kuitazama. Polanco, aliyepiga nje ya uwanja mara 26 na ndiye aliyewamaliza Detroit katika ile inningi ya 15, ningemfuata mapema zaidi.

Wasiwasi wako una msingi, lakini umeuelekeza pabaya. Unahesabu wanaoondoka. Mimi nimeacha kuhesabu hivyo tangu zamani, na nitakuambia kwa nini.

Nilifika mji huu 1997. Nililelewa Tanga, na Coastal Union iliyochukua ubingwa wa Bara 1988 ndiyo iliyonifundisha kushangilia. Kazi yangu ya kwanza Seattle ilikuwa kuosha vyombo hotelini, si mbali na Kingdome, ule uwanja wa zamani wenye paa la zege uliokuja kulipuliwa Machi 2000. Jirani yangu wa sinki, mzee wa Kifilipino, ndiye aliyenipeleka mara ya kwanza. Tulikuwa na Randy Johnson anarusha, Ken Griffey Jr. anakimbia uwanja wa kati, Alex Rodriguez kijana mdogo, na Edgar Martínez. Nilidhani timu zote za Marekani ziko hivyo.

Julai 1998 Johnson akapelekwa Houston. Februari 2000 Griffey, kipenzi cha mji mzima, akapelekwa Cincinnati. Desemba mwaka huo huo Rodriguez mkataba wake ukaisha, akasaini na Texas kwa dola milioni 252 za miaka 10. Watatu katika muda usiofika miaka mitatu, na si wachezaji wa kawaida, ni wale ambao watoto wanabandika picha zao ukutani. Yule mzee wa Kifilipino aliinua mikono, akasema timu imekufa. Mimi nikamwamini.

Msimu uliofuata, 2001, Mariners walishinda michezo 116. Ni rekodi ya ligi kuu, sawa na ya Chicago Cubs wa 1906, na mpaka leo hakuna aliyeivuka.

Iliwezekanaje? Johnson alipoondoka alileta Freddy García na Carlos Guillén. García akashinda michezo 18 mwaka ule, na Guillén ndiye aliyesimama mahali pa Rodriguez. Griffey alipoondoka alimleta Mike Cameron, aliyefunika ule uwanja wa kati kama mwavuli. Wakamsajili Bret Boone, akaleta nyumbani mbio 141. Wakamleta Ichiro Suzuki kutoka Japani, ambaye wengi walisema mwili wake ni mdogo kwa ligi hii, akachukua tuzo ya mchezaji mpya bora na ya mchezaji bora wa ligi kwa mwaka mmoja. Kila pengo lilipata mtu wa kulijaza, na kila dola iliyotoka kwa nyota ilirudi kwenye kikosi.

Kwa hiyo kipupwe hiki jiulize jambo moja tu: anakuja nani mahali pake, na ile pesa imerudi kikosini au imepotelea ofisini?

Maana nimeiona na sura ya pili. Februari 2008 walimtoa Adam Jones, kijana wetu wenyewe, pamoja na wenzake wanne, wakampeleka Baltimore ili wampate mrushaji Erik Bedard. Usiache mbachao kwa msala upitao, ndivyo tulivyofundishwa, na ndicho walichokifanya. Bedard akaandamwa na majeraha, Jones akawa nyota kule kwa miaka 10, na sisi mwaka ule tukapoteza michezo 101.

Na kile kipupwe cha 2023 kinachokuuma wewe, kinaniuma na mimi. Msimu ule tulikosa mtoano kwa mchezo mmoja. Jerry Dipoto, anayesimamia usajili, akasimama mbele ya waandishi akaeleza hesabu yake ya kushinda asilimia 54 ya michezo kwa miaka 10. Kisha Suárez akatolewa kupunguza mishahara, Teoscar Hernández akaachwa aende zake, akasaini na Dodgers wa Los Angeles, akachukua nao World Series ya 2024. Suárez kule Arizona akapiga nje ya uwanja mara 30. Sisi tukakosa mtoano tena kwa mchezo mmoja. Mtu asikuambie kwamba unawaonea ukiwakumbusha hayo. Mchezo mmoja, mpwa wangu, ni mpigo mmoja wa Suárez siku yoyote ya Juni.

Basi hapo ndipo pa kuweka wasiwasi wako, kwenye besi ya tatu na besi ya pili. Akiondoka Suárez, aliyepo ni Ben Williamson, kijana mwenye mikono safi sana ya kudaka lakini gongo lake bado jepesi. Nyuma yake yuko Colt Emerson, mwenye miaka 20, ambaye hajacheza hata mchezo mmoja wa ligi kuu. Ikifika Februari 2026 wakaenda mazoezini Peoria, Arizona, na majibu ya ofisi yakawa ni hao wawili tu na hakuna mpigaji mwingine aliyeletwa, niandikie tukasirike pamoja. Kabla ya hapo ni mapema. Viongozi wa klabu zote wanakutana Orlando Desemba hii, na mengi huamuliwa hapo na baada ya hapo.

Yanayonituliza mimi ni haya. Raleigh, mdakaji aliyepiga nje ya uwanja mara 60, mkataba wake unafika 2030. Julio Rodríguez, wa uwanja wa kati, hana haraka ya kwenda popote. Warushaji wa kuanza, Gilbert, Kirby, Woo, Castillo na Miller, wote wapo. Mwaka 2001 tulipobaki bila wale watatu, hatukuwa na safu ya warushaji kama hii.

Tikiti: usinunue kifurushi. Hapa sina hata haja ya kumtetea mkeo, kazi yako yenyewe inajibu. Michezo mingi ya katikati ya wiki inaanza saa 12 na dakika 40 jioni, na wewe saa hiyo uko ghalani. Utalipia viti 20 ukalie vingapi? Lipa karo ya mdogo wako. Kisha ratiba ikiwa wazi, chagua Jumapili tatu au nne za mchana, viti vya juu, nyuma ya besi ya tatu ikiwa mtoto anataka, na mlipie mchezo mmoja mmoja. Tarehe 6 Desemba 2025 treni inaanza kufika Kent Des Moines na kuendelea hadi Federal Way, kwa hiyo hata pesa ya kuegesha gari huitoi. Mnashuka kituo cha Stadium, mnatembea.

Swali lako la tatu jibu lake ni hapana. Usimwambie asiwapende wachezaji.

Wewe Simba damu. Unaikumbuka Simba ipi isiyo na majina? Mwaka 2003 Simba ilipowatoa Zamalek kwa penalti kule Cairo, golini alikuwa Juma Kaseja. Miaka ikapita, Kaseja akaja kuvaa jezi ya Yanga. Nakuuliza, usiku ule wa Cairo ulifutika moyoni mwako? Ukisimulia, unaruka jina lake? Mtoto akiambiwa apende nembo tu, atakutii kwa muda, kisha ataacha kuangalia, kwa sababu nembo haiwezi kusimama besi zikiwa zimejaa ikapiga mpira.

Na jezi iache pale pale chini ya mablanketi. Usiitoe, usimsemeshe habari yake. Mimi nilikuwa na fulana ya Griffey, namba 24, niliikunja 2000 kwa hasira ile ile. Juni 2007 Griffey alikuja Seattle akiwa na jezi ya Cincinnati, mpinzani wetu. Nikaenda kuifukua, inanuka karafuu nilizoitilia ili nondo wasiiguse. Nilipofika uwanjani nikawakuta maelfu wameivaa. Tulisimama wote tukampigia makofi mtu aliyekuja kutufunga, na nilimwona akifuta macho. Miaka miwili baadaye akarudi kwetu. Suárez naye aliondoka 2023 akarudi 2025. Mwanao ataitoa jezi hiyo siku yake ikifika, na kama haitamtosha tena mwilini, bado ni yake.

Nimesema nitarudi kwenye gari lako. Ulisikia mlio wa gongo kabla yake. Ulikuwa na habari kubwa kuliko zote za mwaka mdomoni, na dakika chache nyuma alikuwa amekulalamikia kwamba umemharibia. Ukaimeza, ukasubiri, ukamwachia aione mwenyewe. Katika barua nzima hujaniambia kama mwanao anajua hilo. Nahisi hajui. Nahisi anadhani mlipiga kelele pamoja.

Jumapili hii hauko kazini. Mtafute mahali mlipo wawili tu, hata ndani ya gari, umweleze: mimi nilijua kabla yako, na nilinyamaza. Usiongeze neno la Naylor wala Polanco wala mkataba wa mtu yeyote. Halafu niandikie tena, unieleze alisema nini.

Mjomba wako